Punda wangu alisokotwa na tumbo: nimlishe nini sasa?

*"Daktari, assalamu alaykum. Niko Langoni, Lamu. Nina punda wawili, dume wa miaka kama 12 na jike mwenye mimba. Wanabeba mchanga, saruji na mawe kutoka gatini. Wiki tatu zilizopita dume alikataa chakula, akawa analala na kuinuka, mara anageuza shingo kutazama ubavu. Jirani alimmiminia mafuta ya kupikia kwa chupa ya soda, kisha akasema tumkimbize. Tukamkimbiza hadi usiku. Alfajiri akatoa mavi makavu yenye uzi wa gunia la nailoni, akapona. Mchana huwaacha wazunguke mtaani wajitafutie, jioni baada ya kazi nampa kila mmoja kama kilo 2, nusu mahindi yaliyoparazwa, nusu pumba. Sasa dume amekonda. Nataka kumuongezea mahindi apate nguvu. Kuna mtu ananiuzia mahindi yaliyopata unyevu, bei ni rahisi, na mwingine anasema chakula cha kuku kina nguvu zaidi. Je, tulifanya vizuri siku ile, na nimlishe nini asirudiwe?"*

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, kwa sababu ndani yake mna mambo mawili ambayo hayangoji: yale mahindi yenye unyevu na kile chakula cha kuku. Tafadhali usinunue chochote kati ya hivyo kabla hujamaliza kusoma. Nitakueleza sababu hapa chini, lakini kwanza tuelewane kuhusu tumbo la punda lenyewe, maana ukishalielewa hutahitaji mtu wa kukuambia kila siku hiki mpe, kile usimpe.

Wafugaji wengi humlisha punda kana kwamba ni ng'ombe mdogo. Wote wawili wanakula majani, ila kazi inafanyika mahali tofauti. Ng'ombe ana mfuko mkubwa mbele, chakula kinavundikwa humo na bakteria, anakicheua, kisha ndipo kinateremka. Punda, kama farasi, hacheui. Mfuko wake wa tumbo ni mdogo ukilinganisha na mwili wake. Hata farasi mkubwa wa kilo 500 ana mfuko wa lita 8 hadi 15 tu. Chakula kinapita humo na kwenye utumbo mwembamba kwa saa chache, halafu kinaingia kwenye utumbo mpana, na hapo ndipo penye kiwanda. Mwanzoni mwa utumbo mpana kuna mfuko mkubwa uliojaa bakteria, na baada yake utumbo wenyewe umejikunja mara kadhaa ndani ya tumbo. Bakteria hao ndio wanaovunja nyuzinyuzi za majani na mabua na kumpa punda nguvu ya kubeba mawe yako. Chakula kinaweza kukaa humo siku mbili au zaidi.

Sasa angalia hizo kona. Katika mojawapo utumbo unageuka ghafla na kuwa mwembamba. Majani yaliyotafunwa vibaya, maji yasiyotosha, au uzi wa nailoni uliojifunga pamoja na mavi, vyote hukwama hapo. Mavi yanakauka nyuma ya kizuizi, gesi inajaa, ukuta wa utumbo unavutwa, na punda anapata maumivu makali. Huo ndio msokoto. Naamini kilichomsumbua dume wako ni kizuizi cha namna hiyo, na ule uzi alioutoa alfajiri ndio ushahidi wako. Alhamdulillahi ulitoka.

Nije kwenye mafuta na mbio. Jirani yako alitaka kusaidia, nami simlaumu, ila tafadhali msirudie. Punda hawezi kutapika. Msuli wa kuingilia mfuko wa tumbo unafunga kwa nguvu sana kiasi kwamba mfuko unaweza kupasuka kabla chakula hakijarudi juu. Kumuinua kichwa na kumiminia mafuta kwa chupa ni hatari kwa sababu nyingine: mafuta hupita njia ya hewa bila kumkohoza sana, yanatua kwenye mapafu, na baada ya siku chache una punda mwenye homa ya mapafu ambayo ni vigumu mno kuitibu. Daktari wa mifugo naye hutumia mafuta au maji, lakini anayapitisha kwa mpira mrefu puani hadi tumboni, na kabla ya kumimina anahakikisha mpira haujaingia kwenye mapafu. Mwaka mmoja niliitwa kumwona punda aliyekuwa "amepona msokoto" lakini anakohoa. Alikufa baada ya siku nne, na mapafu yake yalinuka mafuta. Nakusihi, chupa iacheni.

Kumkimbiza nako hakufungui utumbo. Kumtembeza polepole kunafaa pale tu anapotaka kujibiringisha kwa nguvu, ili asijiumize. Punda aliyelala kimya mchangani mwache apumzike.

Halafu jambo ambalo naona limekupotosha wewe kama linavyopotosha wengi: kilo 2 za nafaka kwa mlo mmoja. Ulifanya kwa huruma. Umemfanyisha kazi mchana kutwa, jioni unampa chakula kizito alale akishiba. Lakini utumbo mwembamba wa punda haukuumbwa kumeng'enya wanga mwingi kwa wakati mmoja, na wanga wa mahindi yasiyopikwa ni mgumu kuliko wa nafaka nyingine nyingi. Unaobaki unateremka hadi kiwandani. Kule bakteria wa wanga wanashangilia, wanatoa asidi, asidi inawaua bakteria wa nyuzinyuzi, na wanapokufa wanaachia sumu zinazopenya ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu. Kwa punda mmoja matokeo ni gesi na msokoto. Kwa mwingine ni kwato kuungua ndani, anasimama amerudisha uzito nyuma, hataki kusogea kabisa. Tena punda huyo huyo ambaye juzi alionekana ana afya.

Kipimo kinachofaa ni gramu moja ya wanga kwa kila kilo ya mwili katika mlo mmoja. Tuseme dume wako ana kilo 140. Hiyo ni gramu 140 za wanga, na kwa kuwa mahindi ni wanga kwa takribani asilimia 70, inakuwa gramu 200 za mahindi. Ni kama kikombe kimoja cha chai kilichojaa. Mchanganyiko wako, hata nikihesabu kwamba pumba zina wanga kidogo kuliko mahindi yenyewe, unazidi kipimo hicho zaidi ya mara sita.

Basi ale nini? Majani makavu, mabua, nyasi. Punda wa mwituni wanaofanana na mababu wa punda wetu wanaishi nchi kavu za Pembe ya Afrika, na wataalamu wa vinasaba wanasema punda alifugwa kwanza Afrika Mashariki karibu miaka 7,000 iliyopita. Huyu ni mnyama wa kutafuna kitu kigumu kisicho na utamu, kidogo kidogo, kwa saa 14 hadi 16 za siku. Kila anapotafuna anatoa mate, na mate ndiyo yanayozima asidi ya tumboni, ambayo kwake haikatiki hata akiwa na njaa. Punda aliyefungwa kamba usiku kucha bila kitu mdomoni anachomwa na asidi yake mwenyewe. Kwa uzito wa kilo 140 anahitaji kilo 2 na nusu hadi 3 za chakula kikavu kwa siku, zaidi kidogo kazi ikiwa nzito. Ukimkatia nyasi mbichi, kumbuka sehemu kubwa ni maji, hivyo hesabu kilo 10 au zaidi.

Najua Lamu si Kitale. Nyasi kisiwani ni shida, hasa kaskazi inapovuma na kila kitu kimekauka. Lakini mashua zinazoleta mahindi kutoka upande wa Mpeketoni zinaweza kuleta mabua baada ya mavuno, na mabua hayo mara nyingi yanachomwa shambani. Wenye punda watano au sita wakichangia mzigo mmoja, bei inashuka. Mabua yakatwe vipande, yahifadhiwe juu ya mbao mbali na mvua. Mabua matupu hayatoshi peke yake kwa punda wa kazi. Ongeza majani mabichi unapoyapata, na mashudu kidogo ya ufuta au ya nazi kwa ajili ya protini, konzi moja au mbili kwa siku. Kile kikombe cha mahindi kinaweza kubaki, asubuhi kimoja na jioni kimoja, baada ya majani na si kabla yake.

Usibadilishe leo kwa leo. Bakteria wa tumboni wamezoea mahindi yako, na ukiyaondoa ghafla ukaweka mabua, utamletea msokoto mwingine kwa mikono yako. Punguza nafaka kidogo kila siku mbili, ongeza mabua, ukamilishe kwa siku 10 hadi 14.

Sasa yale mahindi. Mahindi yaliyopata unyevu hushika ukungu, na ukungu mwingine huwezi kuuona. Wakenya wanakumbuka mwaka 2004, sumukuvu ilipoua watu 125 katika eneo la mashariki kwa sababu ya mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Wengi tangu hapo wamejifunza kutoyala, kisha wanayapeleka kwa punda. Kwa punda na farasi kuna sumu ya ukungu mwingine, unaoitwa Fusarium, ambayo inawaathiri wao kuliko karibu mnyama yeyote wa nyumbani: inalainisha ubongo. Punda anaanza kuzunguka sehemu moja, anaegemeza paji la uso ukutani, anakuwa kipofu, na ndani ya siku chache amekufa. Kuyaanika juani hakuondoi sumu, wala kuyachemsha. Hakuna tiba. Mwambie muuzaji hapana.

Chakula cha kuku nacho hapana, na kwa mkazo uleule. Vyakula vingi vya vifaranga na kuku wa nyama huwekwa dawa ya kuzuia koksidia, vijidudu vinavyowaharisha kuku, na mojawapo, monensini, ni sumu kali kwa jamii ya farasi. Miligramu 2 au 3 kwa kila kilo ya mwili wa farasi zinatosha kumuua, wakati kuku anastahimili kiasi kikubwa zaidi bila shida. Dawa hiyo inaharibu misuli ya moyo. Anaweza kuonekana mzima leo, akaanguka gatini wiki ijayo akiwa na mzigo. Hata magunia na ndoo za chakula cha kuku usizitumie kumlishia punda.

Umesema amekonda, na hapa ndipo ningependa tufikirie pamoja kabla ya kukimbilia chakula. Punda wa miaka 12 anayekula kilo 2 za nafaka kila jioni na bado anakonda, huenda tatizo si uchache wa chakula. Meno ya punda huendelea kusukumwa nje ya ufizi maisha yake yote, yakisagika kwa kutafuna. Asipopata majani ya kutosha ya kusaga, kingo zinakuwa kali kama kisu, zinamkata ulimi na mashavu. Angalia chini anapokula: ukiona vibonge vya majani yaliyotafunwa nusu vimeanguka, au anainamisha kichwa upande mmoja, ni meno. Na asiyetafuna vizuri anateremsha mabua marefu kwenye zile kona nilizokueleza. Kabla ya kumlisha mabua, meno yaangaliwe. Pia minyoo: aina moja hupita kwenye mishipa ya damu inayolisha utumbo na inaweza kuuletea msokoto bila kizuizi chochote. Mavi yapimwe, na dawa itolewe kwa uzito wake, si kwa kukisia.

Maji ni nusu ya dawa. Punda anavumilia kiu kuliko farasi, anaweza kupoteza maji mengi sana mwilini na bado akasimama na shogi mgongoni, na huo uvumilivu ndio unaomponza, kwa sababu utumbo unayafyonza maji kutoka kwenye mavi yenyewe mpaka yanakuwa matofali. Anahitaji lita 10 hadi 25 kwa siku, kutegemea jua na mzigo. Visima vingine vya mjini vina chumvi, nao punda huchagua sana. Akinusa ndoo na kuondoka, usidhani hana kiu, osha ndoo na ulete maji mengine. Na ile imani kwamba punda aliyetoka jasho asinyweshwe haina msingi. Mnyweshe akifika, kabla ya chakula.

Mchanga pia nisiusahau, maana Lamu yote ni mchanga. Ukimwaga pumba chini, kila mlo anameza mchanga, unatua chini ya utumbo na kujikusanya kwa miezi. Tumia karai au pipa lililokatwa, juu ya mkeka au simiti. Unaweza kupima mwenyewe: chukua mavi sita yaliyo mabichi, yale yasiyogusa ardhi, yaweke kwenye chupa angavu ya plastiki yenye maji, koroga, acha yatulie. Mchanga ukizidi kijiko kimoja cha chai pale chini, mwonyeshe daktari chupa hiyo hiyo.

Kuhusu kuwaacha wazunguke mtaani, sitakudanganya kwamba kuna jibu rahisi. Punda wa Lamu wamezunguka vichochoro hivyo vizazi kwa vizazi, na kumfunga siku nzima nako ni mateso. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, lakini nyuzi za magunia, kamba za nyavu na vifungashio vya biskuti bado vimejaa majalalani, na vina harufu ya chumvi na chakula. Nimewahi kumpasua punda aliyekufa nikakuta donge la kamba na plastiki kubwa kuliko kichwa cha mtoto. Linalowezekana kwako ni hili: asitoke na njaa. Ale mabua asubuhi kabla ya kazi, apate mengine mchana kivulini, na jiwe la chumvi alilambe nyumbani. Punda aliyeshiba majani huchagua. Mwenye njaa humeza kila kitu. Na magunia yako ya saruji yakunje uyaweke ndani, maana huenda ule uzi ulitoka uani kwako mwenyewe.

Jike sasa. Nimemwacha mwisho lakini yeye ndiye ninayemhofia zaidi. Punda jike mwenye mimba, hasa akiwa mnene, hapaswi kukosa chakula hata siku moja. Akiacha kula kwa sababu yoyote, maumivu, safari, au wewe umempunguzia ghafla, mwili unayeyusha mafuta yake na kuyamwaga kwenye damu kuliko ini linavyoweza kuyahimili. Damu inakuwa na rangi ya maziwa, ini linashindwa, na wengi wanaofika hapo hufa pamoja na mtoto tumboni. Kwa hiyo mabadiliko ya chakula niliyokueleza, kwake yachukue wiki tatu, na mizigo mizito ipungue kadiri mimba inavyokua.

Ni lini umwite daktari? Farasi akiumwa tumbo hupiga teke, hujibiringisha, kila mtu ajue. Punda huficha. Mara nyingi dalili pekee ni kuinamisha kichwa na kukataa chakula, na ukiziona basi saa zimeshapita. Akikataa chakula anachokipenda, ita siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Ukiona anatoka jasho bila kazi, tumbo limejaa, hajatoa mavi kwa saa 12, au ufizi umekuwa mwekundu sana au wa zambarau, ita saa hiyo hiyo. Jifunze kuhesabu mapigo chini ya taya akiwa mzima; wastani wa punda aliyetulia ni 44 kwa dakika, na yakipita 60 hali si nzuri. Weka sikio ubavuni, pande zote mbili: tumbo lenye afya huunguruma, na ukimya ni habari mbaya. Wakati unasubiri, ondoa chakula, acha maji, mweke kivulini, na usimchome sindano ya maumivu ya dukani, kwa sababu itamficha daktari kile anachohitaji kukiona.

Una bahati ya mahali ulipo. Mjini kwenu kuna kliniki ya punda iliyoanzishwa mwaka 1987, karibu na bahari, na imekuwa ikiwatibu bila malipo. Wapeleke wote wawili wiki hii, hata kama dume anaonekana mzima. Omba meno ya dume yaangaliwe na kusawazishwa, mavi ya wote wawili yapimwe minyoo, na jike apimwe umri wa mimba ili ujue lini umpumzishe. Waeleze pia habari ya mafuta mliyommiminia, wamsikilize mapafu. Nenda na ile chupa ya mavi na mchanga mkononi.